"Nipeni Cho Chote" Si Mapatano

Kuna maneno yanayosemwa kila mwanzo wa mwaka katika ofisi za shule za watu binafsi, katika zahanati na katika maduka makubwa mjini Same, na yamezoeleka kiasi kwamba hayamshtui tena mtu ye yote. Mwajiri, baada ya kupekua vyeti vya mwombaji kazi na kumsifu kwa alama zake, humwuliza: "Je, ungependa tukulipe kiasi gani?" Naye kijana yule, mwenye shahada katika bahasha na nauli ya kurudia kwao Vudee au Mamba Miamba imefungwa kwenye ncha ya leso, hujibu kwa unyenyekevu: "Nipeni cho chote mtakachoona kinafaa." Mwajiri hutabasamu. Jumatatu inayofuata kijana huanza kazi. Na jambo hilo, ambalo halikuandikwa, halikuhesabiwa wala halikujadiliwa, huitwa na pande zote mbili kuwa ni makubaliano.

Hayo si makubaliano. Makubaliano huhitaji watu wawili, kila mmoja akiwa ameweka mezani kile anachokitaka na kile anachoweza kukitoa, kisha kila mmoja akarudi nyuma hatua moja au mbili mpaka wakakutana. Katika ofisi ile mtu aliyejua hesabu alikuwa mmoja tu. Mwajiri alikwisha kukadiria tangu mwaka uliopita ni fedha kiasi gani atatumia kwa mwalimu wa fizikia au kwa mhudumu wa maabara. Aliuliza swali lake si kwa kutojua jibu, bali kwa kutaka kupima kina cha shida ya yule aliyekaa mbele yake. Na mwombaji aliposema "cho chote" hakuwa amekubaliana na mtu, alikuwa amejisalimisha. Si haki kulipamba tendo hilo kwa jina la mapatano.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa linatokea Upareni. Wapare si watu wa kufundishwa mapatano. Kwa vizazi vingi wamegawana kitu kilicho adimu kuliko mshahara, nacho ni maji. Katika ndiva za Bangalala na vijiji vya jirani, maji ya mfereji hukusanywa usiku kucha katika bwawa la udongo, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kila mwenye shamba anaijua zamu yake. Asiyehudhuria kazi ya kuondoa tope anajua atakachokosa. Watu wa juu na watu wa chini hugombana, huitana, hukaa kitako na kupatana upya kila mvua zinapopungua. Hajapata kuonekana mkulima aliyesimama penye mlango wa ndiva akasema, "Nipeni maji yo yote mtakayoona." Angefanya hivyo, mahindi yake yangekauka, na majirani wangemcheka. Mtoto wa mkulima huyo huyo, baada ya kusomeshwa miaka kumi na sita au zaidi, ndiye anayeuza akili yake kwa namna ambayo baba yake hakubali kupewa maji.

Ni kweli kwamba kijana huyo ana njaa ya kazi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, walimu walipofanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma badala ya kupangiwa vituo moja kwa moja kama ilivyokuwa zamani, waombaji walizidi 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Hesabu hiyo inaeleza mengi. Yule aliyeshindwa katika usaili huo anaposhuka Same kutafuta nafasi katika shule ya binafsi, anajua kwamba nyuma yake wamepanga foleni wenzake, na mwajiri naye anajua. Lakini wingi wa waombaji unaeleza kwa nini mshahara ni mdogo. Hauelezi kwa nini mshahara ni siri. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na waajiri wengi hupenda yachanganywe.

Sababu ya pili haisemwi sana, kwa kuwa inawagusa wasomaji wenyewe wa safu hii. Mtumishi wa umma hapa nchini hajapata kujadiliana juu ya mshahara wake wa kuanzia. Mwalimu mwenye shahada anayeajiriwa na serikali huanza katika ngazi ya TGTS D, mwenye stashahada TGTS C, na mwenye cheti TGTS B. Tarakimu zimekwisha kuandikwa, na awe amepangiwa Hedaru au Kigoma, ni zile zile. Utaratibu huo una haki ndani yake, kwa maana haumwulizi mtu shida zake. Lakini umezaa kizazi cha walimu ambao hawajui kujadiliana, na ambao huwafundisha wanafunzi wao kwamba kuuliza mshahara ni utovu wa adabu. Mwalimu wa darasa humwambia kijana: ukifika kwenye usaili usiulize habari za fedha, utaonekana una tamaa. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Ni ushauri mbaya.

Yafaa kuutazama ubaya wake kwa tarakimu. Mwalimu kijana ameambiwa kwa mdomo kwamba atalipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Anafurahi, anapiga simu nyumbani. Hakuuliza kama kiasi hicho ni kabla ya makato au baada ya makato, na hakuna aliyemweleza. Mwisho wa mwezi mchango wake wa NSSF, asilimia 10, unachukua shilingi 40,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, inachukua asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000 baada ya mchango huo, yaani shilingi 7,200. Alisoma chuo kikuu kwa mkopo, hivyo Bodi ya Mikopo inakatiwa asilimia 15 ya mshahara, yaani 60,000. Anachobeba nyumbani ni shilingi 292,800. Bado hajalipa chumba mjini Same, hajanunua maji, hajatuma kitu kwa mama yake. Hakuna aliyemwibia, kila kato lina sheria yake. Lakini alikubali kazi kwa hesabu moja akaifanya kwa hesabu nyingine, na ifikapo Machi anaanza kuchelewa darasani, anafundisha masomo ya ziada kwa siri, anasimama kwenye kibanda cha bodaboda kutafuta habari za kazi nyingine. Mkuu wa shule humwita mtoro. Utoro huo ulianza siku ya usaili, katika kimya cha watu wawili.

Wapo pia wale ambao hali yao ni mbaya kuliko hiyo, ambao wameahidiwa 400,000 na mchango wa NSSF haupelekwi po pote. Hao wanastahili makala yao peke yao.

Mji wa Same una kumbukumbu inayofaa kuwafundisha waajiri wake. Mwaka 1945, maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakapiga kambi hapo penye makao ya wilaya ili kuipinga kodi ya mbiru. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika kisa hicho mwaka 1971, alionyesha jambo ambalo ofisa wa kikoloni hakutaka kulielewa: Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walichokikataa ni namna ya kuikadiria. Chini ya utaratibu ule, kila mtu alikadiriwa kwa mali yake na watu waliokaa faraghani, kwa kipimo ambacho yeye hakukijua, na jirani mwenye ng'ombe sawa na wake angeweza kuandikiwa kiasi kingine kabisa. Walitaka kiwango kijulikane. Kwa ajili ya hilo waliacha mashamba yao, wakalala nje, na baadaye wanawake wa Upare nao waliingia katika mapambano hayo mpaka mbiru ikaondolewa. Leo, umbali mdogo kutoka hapo walipopiga kambi, wajukuu zao huingia ofisini na kukadiriwa faraghani, kwa kipimo wasichokijua, na walimu wawili wanaofundisha somo moja katika shule moja hulipwa viwango mbalimbali kwa kuwa mmoja alikuja siku ambayo mwenye shule alikuwa na furaha.

Kumbukumbu nyingine iko tambarare, upande wa Ndungu, kwenye mkonge. Zama za Waingereza kibarua wa mkonge alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na alitakiwa azimalize katika muda wa siku 42. Siku ambayo kazi yake haikuridhisha haikuandikwa. Utaratibu ule ulikuwa wa kinyonyaji, na hakuna anayeutamani urudi. Hata hivyo kipande kilikuwa ni karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa mkononi mwa kibarua. Ni fedheha kwamba miaka zaidi ya 60 baada ya Uhuru yuko mwenye shahada ya sayansi anayefanya kazi bila hata karatasi ya namna hiyo.

Wala si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: kazi yenyewe ni ipi, mkataba ni wa namna gani na wa muda gani, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo na jinsi yanavyokokotolewa, na faida nyingine zisizo za fedha. Asiyeyaelewa maandishi hayo anapaswa kuelezwa kwa namna atakayoelewa. Sheria hiyo inakwenda mbali zaidi: ukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, ni yeye mwajiri anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Maana yake ni kwamba mwajiri asiyeandika anajitia kitanzi mwenyewe pindi shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hawalijui hilo. Hudhani kimya kinawalinda, kumbe kinamngoja mfanyakazi mmoja tu aliyesoma.

Kwingineko duniani jambo hili limekwisha kusogezwa mbele, hata mwajiri anatakiwa aseme kabla ya kuulizwa. Jimbo la Colorado, Marekani, lilianza mwaka 2021 kuwataka waajiri waandike kiwango cha mshahara katika tangazo la kazi. Jiji la New York likafuata Novemba 2022. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2023 kwamba mwombaji aelezwe kiwango cha mshahara mapema, ili mazungumzo yafanyike kwa kujua, na kwamba mwajiri asimwulize alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka. Hao si wajamaa. Ni nchi za kibepari, zilizogundua kwamba biashara ya gizani huwagharimu hata wenye mitaji.

Waajiri wa Same wana jibu lao, na si haki kulipuuza. Wanasema: hatuna uwezo. Tangu elimu bila ada ilipoanza katika shule za sekondari za serikali Januari 2016, shule nyingi za binafsi na za jumuiya zimepungukiwa wanafunzi, na shule iliyoko milimani, ambako gari hupanda kwa shida masika, inapungukiwa zaidi. Ada hulipwa kwa vipande, baada ya tangawizi kuuzwa. Mwenye shule kama hiyo akitaja kiwango cha serikali kwa mwalimu wa shahada, atafunga milango ifikapo Juni. Hayo ni ya kweli.

Lakini ukweli huo ndio sababu ya kuyataka mapatano. Hauwezi kuwa kisingizio cha kuyakwepa. Mtu asiye na uwezo huonyesha mfuko wake. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo kwa sehemu kubwa ya muda wa utumishi wao yaliwapa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Historia inaweza kubishaniwa: wako wanaoona vijana walionewa, na wako wanaoona walikuwa wamekwisha kusahau jembe la baba zao. Mapatano hayakufikiwa, na hilo ni hasara ya pande zote mbili. Lakini kuna jambo moja katika kisa kile ambalo mwenye shule wa leo halithubutu. Aliyewaambia vijana kwamba nchi haina fedha alianza kwa kuuweka mshahara wake mwenyewe hadharani, na kisha kuupunguza. Mwajiri anayesema "taasisi haina uwezo" huku gari lake jipya limeegeshwa chini ya mwarobaini mbele ya ofisi, na ambaye hajapata kumwonyesha mwalimu hata mmoja idadi ya wanafunzi waliolipa ada, hawezi kudai aaminiwe.

Tena uwezo si fedha tu. Hapa ndipo milima ina utajiri ambao haujatumiwa. Mwalimu anayepanda kwenda kufundisha Chome au Suji ana mambo manne au matano yanayomsumbua, na mshahara ni moja tu kati ya hayo. Atalala wapi? Nyumba ya shule yenye paa lisilovuja na tangi la maji inamwondolea kodi ya chumba na taabu ya kununua maji kwa ndoo. Atalimaje? Robo eka ya shamba la shule, akapanda maharage na ndizi, inapunguza gharama za sokoni. Atashukaje mjini? Nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwezi, ikiandikwa, ni sehemu ya malipo. Je, akitaka kuendelea kusoma kwa masafa, ratiba yake inaweza kukusanywa katika siku nne ili siku ya tano aitumie kwa masomo? Hilo halimgharimu mwenye shule senti moja. Na je, mwaka wa pili, wanafunzi wakiongezeka kufikia idadi fulani, mshahara utaongezeka kwa kiasi gani? Mwajiri asiye na fedha Januari anaweza kuwa nazo Januari ijayo, na anaweza kujifunga kwa maandishi.

Watu wawili wakikaa saa nzima na kuyapima mambo hayo moja moja, yule akisema nyumba ninayo lakini 500,000 sina, huyu akisema nitakubali 420,000 lakini nyumba iwe na mlango unaofungwa na makato yangu ya NSSF yapelekwe kila mwezi, hapo pana mapatano. Kila mmoja ametoa na kila mmoja amepata. Tahadhari moja tu inafaa: nyumba na shamba visitumiwe kuushusha mshahara chini ya kima cha chini kilichowekwa na serikali. Amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, iliinua wastani wa kima cha chini kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kila sekta ikiwa na kiwango chake. Mapatano huanzia juu ya mstari huo. Chini yake hakuna cha kupatana, na mfanyakazi anayesema ameridhika nacho hana mamlaka ya kuridhika.

Waombaji nao hawana mikono safi. Kuna kijana anayesema "cho chote" kwa kuwa moyoni amekwisha kuamua kwamba hatakaa. Anachukua kazi ya shule ya milimani kama mtu anayejikinga mvua chini ya mti, akingoja jina lake litoke katika ajira za serikali. Jina likitoka Mei, anaondoka usiku; asubuhi kidato cha nne hakina mwalimu wa fizikia, miezi michache kabla ya mtihani, na watoto wa wakulima wa tangawizi ndio wanaolipa. Sheria ile ile ya 2004 inataka notisi: siku zisizopungua 7 katika mwezi wa kwanza wa kazi, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mwalimu anayedai haki ya kuandikiwa mkataba, kisha anauvunja bila hata kuaga, anampa mwajiri sababu ya kutomwandikia anayemfuata.

Hili nalo lina dawa katika mazungumzo ya kwanza. Kila mtu mjini Same anajua kwamba kijana ameomba kazi serikalini. Ni unafiki wa mwombaji kulificha na unafiki wa mwajiri kujifanya halijui. Lisemwe siku ya usaili. Iandikwe kwamba nafasi ya serikali ikitokea, mwalimu atatoa notisi kamili, ataacha mpango wa masomo na alama za wanafunzi, na atasaidia kumpata wa kuchukua nafasi yake. Na mwajiri naye hatazuia vyeti vyake wala mshahara wa mwezi wa mwisho. Kuzuia vyeti ni tabia ya baadhi ya waajiri, na ni tabia ya mnyapara.

Mpaka hapa mtumishi wa umma anayesoma atakuwa ametikisa kichwa na kusema kwamba wenye shule za binafsi wamekosea sana. Asiharakishe. Yeye mwenyewe ni mwajiri.

Ni mwajiri anapokaa katika bodi ya shule ya kata, ambako walimu wawili watatu wa kujitolea wanafundisha hisabati na kemia kwa michango ya wazazi. Kijana wa kujitolea naye ana shahada. Huambiwa "tutakuwa tunakufikiria." Mwezi mmoja hupewa 100,000, mwezi mwingine 60,000, mwezi wa tatu huambiwa wazazi hawajachanga. Neno kujitolea limegeuzwa kuwa blanketi la kufunikia ajira isiyo na masharti. Msaragambo ulikuwa ni kujitolea: siku ilijulikana, kazi ilijulikana, na wote walishika jembe. Mtu mmoja anayefundisha vipindi 24 kwa juma, anayesahihisha madaftari usiku na kusimamia mitihani, huku waliomwita wakilipwa kwa ngazi zao, huyo hajitolei, anatumikishwa. Bodi yenye haya ingekaa naye Januari ikamwambia: wazazi wamekubali kuchanga kiasi hiki, hakika yake ni kiasi hiki, tunaweza kukuhakikishia kiasi hiki kila mwezi na chakula cha mchana, je utafundisha vipindi 12 badala ya 24 ili upate muda wa kujitafutia? Kijana angejua anasimama wapi. Angeweza hata kukataa.

Na ni mwajiri nyumbani kwake. Ni nani anayejadili mshahara wa binti anayetoka milimani kwenda kutumika katika nyumba ya ofisa Moshi, Arusha au Dar es Salaam? Si binti. Shangazi hupiga simu, mama mwenye nyumba hupokea, huulizana habari za wazee, huulizana kama mvua zimenyesha, kisha husikika maneno haya: "Usiwe na wasiwasi, dada, atakuwa kama mwanetu." Hiyo ndiyo "cho chote" ya mwajiri. Mtoto wa nyumbani haamki saa kumi na moja kufua nguo za watoto wenzake, halali jikoni, hakai miaka mitatu bila likizo. Sheria inakataza kabisa kumwajiri mtoto ambaye hajafikia miaka 14, na aliyefikia miaka hiyo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Amri za mishahara nazo zinamtaja mfanyakazi wa nyumbani kwa jina, na kutenga kiwango cha anayelala kwa mwajiri na kiwango cha asiyelala hapo. Maofisa wangapi wamepata kukisoma kifungu hicho? Yuko mwalimu anayelalamika, kwa haki, kwamba malimbikizo yake yamechelewa, na ambaye hajamlipa dada wa nyumbani tangu sikukuu.

Tangu tarehe 1 Julai 2025 kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nyongeza hiyo ilitangazwa hadharani, kila mtu akaihesabu, na vyama vya wafanyakazi vikaipigia makofi. Anayefaidi uwazi wa namna hiyo kazini kwake hana udhuru wa kuwaficha wanaomtumikia.

Mwaka ujao wa masomo haujaanza, na bodi nyingi za shule hukutana Novemba kupanga matumizi. Mkutano huo ndio mahali pa kulianza jambo hili, kabla waombaji hawajafika. Bodi iamue kiwango cha chini na cha juu inachoweza kumlipa mwalimu wa kila somo, na tangazo litakalobandikwa stendi ya Same na kwenye mbao za matangazo za Ndungu na Hedaru lionyeshe viwango hivyo, pamoja na kueleza kama ni kabla ya makato au baada yake, na kama kuna nyumba. Siku ya usaili mwombaji apewe karatasi hiyo aisome nje, chini ya mti, dakika 20, apige hesabu ya makato yake, kisha arudi na kusema anachoweza kukubali na asichoweza. Watakapopatana, waandike nakala mbili, na nakala ya pili aondoke nayo mwalimu.